Fumbo Lisilo na Mlango wa Kuingilia

Ngara, Nairobi
Oktoba 7, 2024

Mama Kavata,

Kabla hujauliza: mimea yako iko hai. Mmoja umekauka, lakini huo ulianza kukauka ukiwa mikononi mwako, kwa hivyo usinitie hatiani.

Kavata amenikataza kukupigia simu. Anasema tangu kiharusi cha Agosti unaona haya watu wakisikia ulimi wako ukiwa mzito. Mimi nimekusikia na ulimi mwepesi miaka yote ya ujirani wetu, na sioni kama tumepata hasara. Lakini sawa. Mkono wako wa kulia unaandika, na Clifford mkwe wako hupita hapa Ngara kila asubuhi akienda kazini mjini. Tumempandisha cheo. Sasa ni tarishi.

Kavata alinieleza pia mkataba wenu. Yeye anataka ukae naye Muthangari moja kwa moja. Wewe unataka kurudi nyumbani kwako, hapa karibu yangu. Kwa hivyo nikuletee sudoku moja ngumu, uimalize peke yako kabla Novemba haijaisha. Ukiimaliza, kichwa kimepona, unarudi. Usipoimaliza, Rajinder, wakala wa mwenye nyumba, anapewa funguo zako na anaingiza mpangaji mwingine. Rajinder huniuliza habari zako kila akipita. Anauliza kwa ule upole ambao watu huulizia nyumba ya mgonjwa.

Hii hapa basi. Nayan wangu ndiye ameitoa huko Uingereza, Leicester, nami nikaichapisha kwa cyber. Si ile ya gazeti la kufungia maandazi. Vyumba ni themanini na kimoja kama kawaida, tarakimu moja hadi tisa, hakuna kurudia. Lakini humo ndani wamejenga kuta, ikawa mzingile. Kuna mlango wa kuingilia na wa kutokea, na lazima uchore njia kutoka huku hadi kule bila kuvuka ukuta. Kwenye njia tarakimu zinapishana, witiri, shufwa, witiri, shufwa. Halafu kuna maeneo matano yaliyotiwa kivuli. Njia ipite katika kila kivuli, na tarakimu za kivuli kimoja zikijumlishwa zifike ishirini. Mtu aliyetunga haya hana mke, au anaye na hawaongei.

Nimezoea tukae kwenye benchi ya kibaraza, wewe kulia, mimi kushoto, karatasi katikati, kila mtu anatafuna upande wake mpaka tunakutana. Safari hii karatasi yote ni yako. Nakuonea wivu kidogo.

Jirani yako,
Avni (Mama Nayan)


Muthangari
Oktoba 12, 2024

Mama Nayan,

Barua yako imepokelewa. Sentensi zako nyingi zinaanzia katikati. Sijui ni haraka au ni mtindo mpya, lakini nilifanya kazi masjala ya wizara mpaka nikastaafu, nikisoma barua za wakubwa. Nimezoea kujijazia mwanzo mwenyewe.

Sasa malalamiko. Fumbo lako lina kasoro. Halina mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea nimeuona, uko chini kule pembeni, mzuri tu. Lakini njia yenyewe inaanzia katikati ya karatasi, kama mtu aliyezaliwa akiwa na ndevu. Ulisema vivuli vitano. Nimehesabu vitatu, nikanywa chai, nikahesabu tena, vitatu. Mwambie Nayan huko Leicester wanamwibia. Hata hivyo nimejaza kila chumba nilichopewa. Nimemaliza. Nakurudishia uhakikishe, kisha nimpelekee Kavata, kisha nifunge mizigo.

Hapa wananitunza. Chakula ni cha watu wenye uwezo, maana yake ni kidogo. Juzi niliambiwa ni wali na kuku. Wali nilikula, kuku sikumwona. Nikamwambia Kavata kwa heshima kwamba kiharusi hakikunipiga tumboni. Akaizungusha sahani, na kuku akatokea, mapaja mawili na mchuzi wake. Sijui walikuwa wamemficha wapi.

Nyumba hii wamehamia mwaka huu, na ni kubwa, lakini ni ya mviringo. Natoka chumbani, natembea, natokea jikoni. Natoka jikoni, natembea, niko chumbani. Wanasema kuna sebule. Labda ni kweli, kwa sababu kila alasiri nasikia mjukuu wangu Peres akipiga piano mahali fulani, na muziki unakuja bila kupitia mlango wowote, unajaa tu, kama mvuke wa chai.

Nalala sana mchana. Nje mijakaranda inamwaga maua, na mwanga wa zambarau unaingia hadi kwenye shuka. Jana niliota niko ndani ya fumbo lako. Kuta zilikuwa ua wa michongoma uliokatwa sawasawa, na tarakimu zimeanikwa juu kama nguo, zinapepea. Kwenye vivuli nyasi zilikuwa baridi, mtu angetaka kuvua viatu. Nikatembea na kutembea na hakuna aliyeniambia nipumzike. Nilipoamka nilikuwa nimeshika penseli.

Wako,
Kamene


Ngara
Oktoba 17, 2024

Mama Kavata,

Nilicheka mpaka mteja akaondoka dukani kwangu bila zipu yake. Eti njia haina mlango!

Nimekuelewa, lakini. Nilipoifungua karatasi nikaona upande wa kulia umejaa, na upande wa kushoto mweupe kabisa, hata nukta hakuna, nikakaa chini kwenye benchi. Umeniachia upande wangu. Mtu anaumwa, anapewa mtihani wa maisha yake, na bado anamwekea jirani nusu. Haki sikutegemea.

Kavata alisema peke yako, lakini Kavata hajui tunavyofanya kazi. Upande wako nimeukagua. Vyumba vichache umekisia, usinidanganye, lakini umekisia vizuri. Wangu nimeujaza kwa wino wa bluu, hafifu. Mlango wa kuingilia uko pale pale upande wangu, juu, na vivuli viwili ulivyojifanya huvioni nimevipitisha njia vizuri. Wewe pitisha penseli yako juu ya wino wangu, uwe mwandiko mmoja, halafu mpelekee. Tusiseme zaidi.

Naona pia barua yako ina pambizo pana, nusu nzima ya karatasi. Serikali haimtoki mtu! Si ndivyo mlivyokuwa mkiacha kwenye faili, katibu apate mahali pa kuandika maoni? Basi nakurudishia barua yako na maoni yangu yako pale: “Imekubaliwa. Arudi nyumbani mara moja.” Nimetia sahihi.

Diwali inakaribia, na dukani kila mwanamke wa Ngara anataka utepe wa dhahabu wa rangi ambayo sina. Jioni napanda juu, nakaa kwenye benchi, na nashangaa kibaraza kilivyo kirefu. Zamani kilikuwa kifupi.

Avni


Muthangari
Oktoba 24, 2024

Mama Nayan,

Una uhakika hujachoka? Umenirudishia karatasi zangu kama zilivyokuwa. Unasema umejaza kwa wino wa bluu. Hakuna bluu. Nimeziinua mbele ya dirisha, nimezitazama na miwani na bila miwani. Kilichoandikwa humo ni changu tu. Unasema umeandika maoni kwenye barua yangu. Hakuna maoni. Na pambizo gani? Nimeandika karatasi nzima, kama ninavyoandika sasa.

Sikulaumu. Umri unatufika sote. Lakini nimempa Kavata fumbo kama lilivyo, naye amelitazama, kisha akanitazama, kisha akasema “Mami, endelea tu, bado kuna muda.” Endelea na nini? Nimemaliza!

Habari nyingine ni za kawaida. Nyumba hii ina sauti nzuri. Clifford hunisalimia kila asubuhi, na simwoni. “Habari ya kuamka, mami,” hewani, karibu kabisa na sikio, nami naijibu hewa. Kisha baada ya muda anatokea kwa upande mwingine akiwa na kikombe cha chai, kama mtu aliyetoka safari. Nilimwambia, “Wewe unatembea kama malaika.” Akafurahi. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na sidhani Kavata ataanza.

Si maisha mabaya, Mama Nayan. Ni kama kuishi ndani ya usingizi mwepesi. Lakini nataka kurudi kwangu. Hapa kila mtu ananikata nyama, ananikunjia blanketi, ananishika kiwiko. Nikiwa Ngara mtu akinishika kiwiko anataka kuninyang’anya pochi, na mimi najua la kufanya. Usimwache Rajinder aonyeshe watu nyumba yangu.

Kamene


Muthangari
Oktoba 28, 2024

Anti Avni,

Sasa? Pole kwa kukusumbua, najua ni msimu wa kazi. Clifford atakupa hii pamoja na ya mami. Sijafungua yake.

Anti, nataka kukuuliza kitu. Mami anajigonga. Kila mlango anaopita, bega la kushoto linagonga fremu. Nikimuuliza anasema fundi wa hii nyumba alikuwa mchoyo wa milango. Daktari alisema mkono wa kushoto ni dhaifu tu, utarudi na mazoezi, na yule wa mazoezi anasema anaendelea vizuri. Lakini lile fumbo alinipatia nusu yake imeandikwa na kalamu ingine. Nilifikiri labda mmeamua kunichezea.

Sitaki kumfungia mama yangu ndani kama kuku. Pia sitaki kumrudisha kwa nyumba ya ngazi nyingi halafu nipigiwe simu. Wewe unamjua kuliko mtu yeyote na mnaandikiana. Ako sawa? Niambie ukweli, nijue vile nitamjibu Rajinder.

Kavata


Ngara
Oktoba 30, 2024

Kavata mwanangu,

Barua za mama yako zina akili kuliko zangu, na zinachekesha zaidi. Kalamu nyingine ni mimi. Nilimwonyesha kidogo tu, mazoea ya kukaa pamoja. Usimhesabie.

Kuhusu milango, sijui. Mtu akiwa ugenini hujigonga. Mpe muda. Mwambie Rajinder asubiri.

Nimekutumia pipi za Diwali. Peres asimalize zote.

Anti Avni


Muthangari
Novemba 6, 2024

Mama Nayan,

Leo nimefanya kitu, na nakuambia wewe tu. Kavata asijue.

Nilitoka nje. Peke yangu, na fimbo yangu, getini, barabarani. Nilitaka nirudi nimwambie, “Unaona? Nimekwenda hadi dukani.” Kulikuwa na kamanyunyu na maua ya mijakaranda yamelala barabarani, unayakanyaga yanatoa mlio mdogo kama mtu anayebusu. Kila kona niliyofika nilipinda kulia, kwa sababu hakukuwa na kwingine kwa kupinda. Nikaona geti la kijani na askari. “Habari ya asubuhi, mama.” Njema. Nikaenda, nikapinda, nikapinda. Geti la kijani, askari. “Umesahau kitu, mama?” Hapana. Nikaenda tena. Geti la kijani. Safari hii aliinuka akavua kofia, kama mtu anayeona msafara wa waziri.

Sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri, basi Muthangari yote ndiyo hii, barabara moja na askari mmoja, na wamewadanganya watu kwamba ni mtaa mkubwa. Nilikuwa mwepesi, Mama Nayan. Kama ile ndoto.

Kisha pikipiki ikatokea hewani. Haikutoka kokote. Ilipita ikanigusa sketi, na fimbo ikaruka, na mwenyewe akasimama mbele huko akaanza kunifokea. “We mama! Nimepiga honi kutoka kule! Kwani huoni?”

Nikamwambia, “Naona vizuri sana. Wewe ndiye ulikuwa wapi?”

Alinitazama vibaya, kisha akaniokotea fimbo. Askari alinirudisha nyumbani. Nimefua sketi mwenyewe.

Wanaendesha ovyo siku hizi.

Kamene


Ngara
Novemba 9, 2024

Mama Kavata,

Nimeikunja karatasi hii katikati, na nimeandika kwenye nusu ya kulia peke yake. Safari hii utaona kila sentensi ina kichwa. Soma polepole, kisha unikasirikie.

Si Clifford anayetembea kama malaika, si fundi aliyebana milango, si Nayan aliyeibiwa vivuli. Kuna upande wa kushoto, na huuoni. Sebule ipo. Kona za kushoto zipo. Pikipiki ilitoka kushoto.

Nilimuuliza Daktari Jaspreet, yule anayenunua vifungo kwangu. Sikumtajia jina lako, nilisema “rafiki.” Akaniambia macho yako ni mazima kabisa. Ni kwamba kiharusi kikipiga upande fulani wa ubongo, akili inasahau kwamba kushoto ni mahali, haiendi tena kutazama. Na aliyesahau hivyo hajui kwamba amesahau. Kwake dunia haijapungua. Imetimia tu, ikiwa nusu. Anasema inatibika kwa wengi, kwa mazoezi na muda, lakini lazima mtu kwanza aambiwe na akubali, na kabla ya hapo asikae peke yake wala asivuke barabara.

Mimi niliona mapema. Uliponiambia hakuna wino wa bluu, na wino nilikuwa nimeutia kwa mkono wangu, nilijua kuna jambo. Kavata akaniuliza waziwazi. Nikampa pipi. Nilitaka urudi, Mama Kavata, nikaona heri urudi nusu kuliko usirudi. Pikipiki ndiyo iliyonionyesha nilichokuwa nakitaka.

Jana nimemwandikia Kavata kila kitu. Pamoja na habari ya sketi. Najua maana yake kwa nyumba yako.

Fumbo nimelichapisha upya, safi. Kwenye ukingo wake wa kushoto nimeshonea utepe mwekundu, ule mnene wa kukingia pindo za sari. Daktari alisema kitu chekundu kinasaidia. Usiandike tarakimu yoyote kabla kidole chako hakijaugusa utepe. Hutauona. Sogeza kidole tu, uendelee hata pale unapoona karatasi imekwisha.

Avni


Muthangari
Novemba 13, 2024

Kwa Bi. Avni,

Nimesoma. Karatasi yako haina utepe.

Nilikuwa na jirani mmoja Nairobi nzima ambaye hakunihurumia. Usiniandikie tena.

K. Nthiwa


Muthangari
Desemba 2, 2024

Anti Avni,

Najua mmenyamaziana. Naandika mimi.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimwambia achore saa. Akachora duara zuri, halafu namba zote kumi na mbili akazibana upande mmoja, kama watu kwa mlango wa benki. Akasema hiyo ni saa. Nilitoka nje nikalia kwa korido. Miezi yote hiyo nimekuwa nikizungusha sahani yake na sijiulizi kwa nini nazungusha.

Ulipaswa kuniambia wakati nilikuuliza. Nilikukasirikia wiki nzima. Sasa sijui. Mimi naishi na yeye na sikuona.

Rajinder hakuweza kungoja zaidi. Novemba imeisha, na fumbo bado. Nimetia sahihi leo asubuhi. Vitu vyake Clifford atavitoa wiki hii. Mami nilimwambia mwenyewe, akasema “Sawa,” akauliza kama kuna uji.

Lakini Anti, nikuambie. Kila alasiri anakaa mezani na ile karatasi yako. Haandiki. Anasogeza tu kidole kwa meza, polepole, kama mtu anatafuta swichi kwa giza. Jana nilikuwa nimesimama kwa mlango. Kidole kilitembea, kikafika kwa utepe, kikasimama. Akasema kwa sauti, mtu mzima peke yake kwa chumba: “Kumbe.”

Kavata


Muthangari
Desemba 8, 2024

Mama Nayan,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine atakayeelewa sudoku, usijidanganye ni mapenzi.

Utepe upo. Ni mwekundu vibaya, hata bibi harusi angeukataa. Sasa nitakueleza ilivyo, kwa sababu Daktari Jaspreet wako anajua majina ya mambo lakini hajawahi kufika.

Unasogeza kidole, na karatasi inakwisha. Inakwisha kabisa, kama uwanja unavyokwisha penye ukuta. Kila kitu ndani yako kinasema rudi, hapa si mahali. Unaendelea kwa sababu mwanamke fulani mkaidi wa Ngara amesema uendelee. Halafu kitambaa. Na ukikaa na kidole hapo, ukatulia, usikimbilie, pole pole rangi inakuja. Kwanza wekundu. Kisha mstari. Kisha vyumba, kimoja kimoja, kama taa za nyumba za watu ukiwa mbali jioni. Nikaona kivuli. Nikaona kingine. Nikaona mlango wa kuingilia, umekaa pale juu kabisa, wazi, mjinga tu, kama umekuwa ukiningojea na kikapu mkononi.

Nilicheka. Kisha nikalia, si sana. Nilikuwa nalia kwa ajili ya yule mwanamke aliyekuwa mwepesi siku ya kamanyunyu. Alikuwa na furaha. Sasa nikitembea nahesabu kila mlango, nageuza shingo kama kuku, na najua kila wakati kuna kitu pembeni nisichokijua. Ulinipa nusu ya dunia, lakini ile ya kwanza ilikuwa imetulia zaidi. Nilitaka ujue bei yake.

Fumbo nimelimaliza leo. Nimeingia kwa mlango, nimepita vivuli vyote vitano, kila kimoja ishirini, nimetokea. Peke yangu, hakuna bluu. Nimekosea mara nyingi na karatasi ina matundu ya kifutio. Kavata amelinganisha na jibu la Nayan, kisha akanikumbatia hadi miwani ikapinda.

Nimechelewa, najua. Nyumba imekwenda. Namwambia Kavata sijali, na Kavata anajifanya anaamini. Sebule wanayo kweli. Ni nzuri. Piano ni ya kahawia.

Kamene


Ngara
Desemba 10, 2024

Mama Kavata,

Mpangaji wako mpya ni kijana anayeuza spika. Anazijaribu.

Sijui kuomba vizuri, kwa hivyo nitasema kama nauza kitambaa. Nina chumba. Kile cha Nayan, kina dirisha, kina kabati, kimejaa maboksi ya vifungo ambavyo havitauzwa tena duniani. Nayatoa kesho. Nimezungumza na Kavata. Amekubali kwa masharti: mazoezi na yule mtaalamu yaendelee, barabara usivuke peke yako mpaka daktari aseme, na nisimfiche kitu tena hata kidogo. Hilo la mwisho alilirudia akinitazama machoni.

Masharti yangu ni haya. Kwangu hapapikwi nyama, wala samaki, wala yai. Vitunguu pia hapana. Najua ninachokuomba, wewe mtu wa Machakos. Na nitakuhurumia mara moja moja. Siwezi kujizuia, nimezeeka. Ukiona nakukatia embe, kula tu, usitoe hotuba.

Sikukuandikia ile barua ya Novemba ili nikupate hivi. Niliiandika nikijua nimekupoteza. Kibaraza ni kirefu mno, Mama Kavata.

Avni


Muthangari
Desemba 13, 2024

Mama Nayan,

Ombi lako limepokelewa na limeshughulikiwa.

Bila nyama sawa, nimeishi na serikali, najua kuvumilia. Bila vitunguu tutaongea. Kila Jumapili nitakula mchana kwa shemeji yangu Musili, na nikirudi ninanuka mbuzi hutaniuliza. Embe nitakula. Ukinishika kiwiko mbele ya wateja nitakukana kama sikujui. Huyo wa spika niachie mimi. Nimewahi kunyamazisha makatibu wakuu wawili.

Kavata ananileta Jumapili hii jioni. Amelia kidogo akikunja nguo zangu, nami nimejifanya naangalia upande mwingine, jambo ambalo siku hizi ni kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Sasa nisikilize. Usishuke chini kunipokea. Kavata atabaki na mizigo kwenye gari mpaka nimwite. Ngazi nitazipanda mwenyewe, nimeshika reli. Mlango wangu wa zamani ulikuwa kulia kwa kibaraza, na mwili wangu utataka kwenda kule, naujua. Wako uko kushoto.

Nitasimama pale juu kwa muda. Usikie nimesimama, na uwe na hofu yote unayotaka, lakini ndani. Usifungue. Usiniite. Nitageuka mwenyewe.

Kamene